Sahani tano, wageni sita: kwa nini blitsi huwaumbua vijana wa vyuo

Hii ni hotuba niliyoitoa hapa Houston, Texas, kwenye mkutano wa wazazi wazungumzao Kiswahili ambao watoto wao wanacheza futiboli ya Kimarekani. Wengi walikosa kufika kwa sababu ya kazi za zamu, wakaomba niiweke yote. Video nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Maneno ni yale yale.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Ndugu zangu wa Bukavu, wa Uvira, wa Kigoma, wa Mombasa, nawasalimu nyote. Vijana, mambo? Itifaki imezingatiwa.

Nimepewa swali moja nilijibu leo. Timu ya chuo ina vijana wakubwa, wana vifua, wana shingo kama magogo, wanakula mara tano kwa siku. Inakuwaje wakiletewa blitsi, yaani ulinzi ukituma watu wengi kuliko kawaida kumvamia mtupaji mpira, wanaonekana kama hawajawahi kufanya mazoezi hata siku moja? Kuna mzee yuko humu ndani, simtaji, kila Jumapili ananingoja mlangoni baada ya ibada. "Kocha, wale wanene watano wa mbele kazi yao hasa ni nini?" Mnacheka, lakini mnajua mnamuunga mkono.

Mzee wangu, nakujibu mbele ya watu. Mara nyingi wale watano hawana kosa. Na kwotabeki, yule mtupaji mpira ambaye wiki nzima mmemtukana kwenye makundi ya WhatsApp, mara nyingi naye hana kosa. Blitsi haishindi kwa nguvu. Inashinda kabla mpira haujaguswa, pale watu saba wanapotakiwa waone jambo moja, walione sawasawa, ndani ya sekunde chache, katikati ya makelele, halafu sita wakaona hivi na mmoja akaona vile. Huyo mmoja anatosha.

Nianze na hesabu, kwa sababu kuna mama humu ambao watoto wao wameanza mwaka huu na bado wanauliza mpira uko wapi.

Kila upande una watu 11. Wanaoshambulia wana majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Mbele kuna watano wa laini: senta katikati, magadi wawili ubavuni mwake, matekli wawili pembeni. Hawa hawadaki pasi, kazi yao ni kuzuia. Nyuma yao yupo kwotabeki. Wanabaki watano, yaani wapokeaji na mkimbiaji, ambao wanaweza kutupiwa mpira. Upande wa pili, ulinzi kwa kawaida hutuma watu wanne wamfuate kwotabeki. Wakituma watano au zaidi, hapo ndipo tunasema wameleta blitsi.

Sasa mama, umepika, umeandaa sahani tano, hodi hodi, wameingia wageni sita. Utafanyaje?

(Mama mmoja akasema: "Unapunguza kila sahani.")

Nyumbani sawa kabisa. Uwanjani haiwezekani, kwa sababu mtu hagawanyiki. Akizuia wawili, hajazuia hata mmoja. Kwa hiyo unambakiza mkimbiaji asaidie, mnakuwa sita kwa sita. Wao wanatuma saba. Unambakiza mwingine, wao wanatuma wa nane. Na kila unayembakiza ni mpokeaji mmoja aliyepungua. Lakini tatizo lenyewe hata si hilo. Tatizo ni kwamba kwotabeki ameshika mpira, hawezi kumzuia mtu. Mkiwapanga wote mmoja kwa mmoja, mnabaki 10 dhidi ya 11. Ulinzi siku zote una mtu mmoja wa ziada. Siku zote! Huyo wa ziada ni wa nani? Vijana, nijibuni.

(Wakajibu: "Wa kwotabeki!")

Wa kwotabeki. Wala hatakiwi kupigana naye. Anatakiwa kumshinda kwa kutupa mpira kabla hajafika, tena autupe pale pale alipotoka yule aliyekuja, kwa sababu pameachwa wazi. Tunazungumzia sekunde mbili na kitu. Na mpokeaji naye awe ameona hivyo hivyo, akatize mbio zake, ageuke mapema. Kwotabeki akiona blitsi na mpokeaji asiione, mpira unatua mahali pasipo na mtu, na nyinyi jukwaani mnasema kijana hana shabaha.

Nitawasimulia kisa cha mji wetu huu. Alhamisi, tarehe 17 Novemba 2016, Uwanja wa TDECU, Chuo Kikuu cha Houston kiliwakaribisha Louisville. Louisville walikuja wakiwa miongoni mwa timu tano bora za vyuo nchini. Kwotabeki wao alikuwa Lamar Jackson. Naona vijana mmeamka. Lamar Jackson, ambaye wiki chache baadaye, tarehe 10 Desemba, alipewa Tuzo ya Heisman, yaani mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani. Mwepesi, anayeweza kumkwepa mtu ndani ya choo cha ndege.

Houston walikuwa na mtoto wa miaka 18 katikati ya laini ya ulinzi, Ed Oliver, kijana wa hapa hapa mjini. Na kocha wao wa ulinzi aliitwa Todd Orlando. Lishikeni jina hilo, nitalirudia. Orlando alileta watu kutoka kila upande. Mpaka mapumziko ilikuwa 31 kwa 0. Mpaka mwisho ilikuwa 36 kwa 10. Na Lamar Jackson, mchezaji bora wa nchi nzima, aliangushwa na mpira mkononi mara 11.

Mara 11, ndugu zangu. Nasema tena: mara 11.

Kama dawa ya blitsi ingekuwa mbio, huyu angeangushwa mara 11? Kama dawa ingekuwa kipaji, huyu angeangushwa mara 11? Tena kwenye takwimu za vyuo, yadi anazopoteza kwotabeki akiangushwa hukatwa kwenye yadi zake za kukimbia. Kwa hiyo asiyetazama mechi akasoma tu namba kesho yake atadhani kijana alisahau kukimbia.

Tena jambo hili halifichiki, kwa sababu kila kocha ana video. Tarehe 31 Desemba mwaka huo huo, kwenye Citrus Bowl, mechi ya kufunga msimu, LSU, yaani chuo cha jimbo la Louisiana, waliwafunga Louisville 29 kwa 9 na kumwangusha Lamar mara 8. Ukishaonekana hujui kuhesabu, hadi msimu uishe kila unayekutana naye atakuletea mtihani ule ule.

Hesabu basi. Lakini hesabu ingekuwa rahisi kama ulinzi ungekuwa unasema kweli. Kinachonikera mimi, na ndicho kinachoninyima usingizi Ijumaa, ni uongo.

Zamani walisimama sita mbele, walikuja sita, mnagawana. Leo wanasimama saba puani pa laini, wanachezesha miguu, wanapiga kelele, wanaonyeshana vidole. Senta wetu anamtafuta lainibeka wa katikati, yaani mlinzi wa mstari wa pili, anamnyooshea kidole, anamtaja kwa sauti kuwa ndiye maiki, ili wote waanze kuhesabu kutoka kwake. Sawa. Mpira unatoka. Watatu kati ya wale saba wanarudi nyuma. Wamekuja wanne tu! Kwa hesabu hata si blitsi. Ila wanne gani? Waliorudi nyuma ndio hasa waliokuwa wakisubiriwa na senta, gadi wa kulia na tekli wa kulia. Hao wetu watatu sasa wanamgombania mtu mmoja. Kushoto wamekuja watatu, na sisi tuna wawili. Tano kwa nne, bado mtu amepenya bila kuguswa. Mzee wangu wa mlangoni kanisani, hapo utamlaumu nani?

Uongo huu una mzee wake. Dick LeBeau, alipokuwa akifundisha ulinzi wa Cincinnati Bengals miaka ya 1980, ndiye anayetajwa zaidi kwa kuisuka ile blitsi ya kanda tunayoiona leo kila Jumamosi. Tuma watano, miongoni mwao lainibeka, au sefti, yaani mlinzi wa nyuma kabisa, ambaye hakutarajiwa. Halafu mmoja wa wale wazito wa mbele, ambaye kila mtu anajua kazi yake ni kusukuma, mwambie arudi nyuma akasimame kwenye njia ya pasi. Kwotabeki amefundishwa tangu sekondari: lainibeka akija, tupa pale alipotoka. Anamwona lainibeka anakuja. Anatupa pale alipotoka. Na pale limesimama jitu la kilo 120 ambalo sekunde iliyopita lilikuwa limeinama na kugusa nyasi.

Kijana alifanya nini kibaya? Hakufanya kibaya chochote! Alifanya alichofundishwa. Blitsi ya namna hii haimtegi mjinga, inamtega aliyesoma somo la kwanza vizuri na hajafika somo la pili. Na vyuoni, ndugu zangu, wengi wako hapo hapo, kati ya somo la kwanza na la pili.

Msidhani ni watoto tu. Tarehe 11 Novemba 2021 Lamar Jackson yule yule, sasa mtu mzima wa ligi ya kulipwa, ameshakuwa mchezaji bora wa ligi nzima, alikwenda Miami na Baltimore Ravens. Miami Dolphins msimu ule walikuwa wameshinda mechi mbili na kupoteza saba. Wakajaza watu mbele ya laini, pamoja na masefti wao wawili, Brandon Jones na Jevon Holland, nyuma hawakuacha mlinzi wa mwisho. Mara waje wote, mara warudi nusu. Dolphins 22, Ravens 10.

Sasa nataka mniambie. Ile mechi ya Houston mwaka 2016 ilikuwa siku gani?

("Alhamisi.")

Na tarehe 11 Novemba 2021 ilikuwa siku gani? Angalieni kwenye simu zenu, ninawasubiri.

("Alhamisi!")

Alhamisi zote mbili. Louisville walikuwa wamecheza Jumamosi iliyotangulia. Ravens walikuwa wamecheza Jumapili, tena hadi muda wa nyongeza. Mwanasheria mmoja hapa mbele anataka kuniambia kwamba hata Houston na Dolphins walikuwa na siku hizo hizo chache. Kweli kabisa. Lakini aletaye blitsi anahitaji mtu mmoja tu apenye. Anayeizuia anahitaji watu saba wakubaliane. Wiki ikifupishwa, hawapungukiwi sawa.

Ndiyo maana nasema ugonjwa wa vyuo ni muda. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo penye jibu lenyewe.

Sheria za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, zinampa mwanafunzi saa 20 kwa wiki za shughuli za timu wakati wa msimu, zisizozidi saa 4 kwa siku, na siku moja ya kupumzika. Ndani ya hizo 20 kuna mazoezi ya uwanjani, kuna kunyanyua vyuma, kuna kutazama video na mwalimu, na siku ya mechi yenyewe inahesabiwa saa 3. Toa, toa, toa. Zimebaki ngapi za kufundisha blitsi za mpinzani wa wiki hii, ambazo si za wiki iliyopita? Na huyu kijana Jumatano ana mtihani wa kemia. Mchezaji wa kulipwa akitoka mazoezini anarudi nyumbani na video zake. Kazi yake ni hiyo tu. Na bado mmeona yaliyowapata Ravens.

Kisha watu wenyewe hawakai. Tangu Oktoba 2018 kuna utaratibu wa mchezaji kujiandikisha kuwa anataka kuhama chuo, na tangu 2021 anayehama kwa mara ya kwanza halazimiki kukaa mwaka mzima benchi. Mimi simlaumu kijana anayehama. Sisi sote tuliomo ukumbini humu tulihama kutafuta maisha, tutamhukumu nani? Ila laini ni watu watano waliozoeana pumzi. Gadi na tekli waliosimama bega kwa bega misimu miwili wanapokezana mtu bila kutamka neno: huyu amekatiza kwako, mchukue, mimi nakuja na wa nyuma. Gadi aliyefika Januari na tekli aliyefika Juni wanapokezana kwa kuulizana. Wakimaliza kuulizana, kwotabeki yuko chini.

Tena macho ya kijana yamefundishwa vibaya. Mnaona timu ya chuo imejipanga, halafu wote 11 wanageuza shingo kutazama pembeni? Kuna mabango ya ajabu, kuna watu wanapunga mikono? Wanasubiri jibu kutoka kwa kocha. Ligi ya kulipwa imemwekea kwotabeki redio kichwani tangu 1994. Vyuo vya daraja la juu vimeiruhusu 2024, miaka 30 baadaye. Hata hiyo redio hukatika saa ya kuanzisha mchezo ikibakiza sekunde 15. Na ulinzi nao wanajua kusoma saa! Wanatulia, wanatulia, kumi na tano ikipita ndipo wanabadilika. Kijana aliyezoea kuambiwa sasa yuko peke yake na watu saba wanaochezesha miguu.

Mistari ya katikati ya uwanja niitaje haraka. Vyuoni imeachana futi 40, ligi ya kulipwa futi 18 na nusu. Mchezo ukianzia kwenye mmoja wa mistari hiyo, upande mmoja unabaki na yadi 20 tu hadi nje, na mwingine yadi 33. Mlinzi wa upande mfinyu yuko karibu sana na kwotabeki. Akitumwa, anafika mapema. Wanaokaa upande huo jukwaani wanamwona kabla kwotabeki hajamwona.

Sasa kuna atakayeniuliza: kama blitsi ni tamu hivi, kwa nini ulinzi wasiilete kila mara?

Kwa sababu ya yule Todd Orlando. Niliwaambia mlishike jina. Baada ya Houston alichukuliwa na Chuo Kikuu cha Texas, barabara hii hii, Austin. Tarehe 7 Septemba 2019 wakaja LSU. Zimebaki chini ya dakika tatu. LSU wanaongoza 37 kwa 31, lakini wamekwama: jaribio la tatu, na bado wanahitaji yadi 17. Wakizuiwa hapa, Texas wanapata mpira na nafasi ya kushinda. Uwanja mzima umesimama, husikii hata unachowaza. Orlando akaleta blitsi.

Kwotabeki wa LSU alikuwa Joe Burrow. Hakukimbia nyuma, hakufumba macho. Alisogea kidogo kuwapisha wanaokuja, akautoa mpira kwa Justin Jefferson. Yadi 61, tachidauni, mpira umefika ndani ya mstari wa mwisho. Ikaisha 45 kwa 38.

Silaha ile ile, mwalimu yule yule. Nini kilibadilika? Burrow hakuwa mwepesi kuliko Lamar Jackson. Hakuna mtu aliyewahi kusema hivyo, hata mama yake. Alikuwa mtu mzima kwa umri wa vyuo, alikuwa ameshahama kutoka Ohio State, ule ulikuwa msimu wake wa pili kuongoza LSU. Mwaka ule kocha kijana Joe Brady alikuja kutoka New Orleans Saints na mpango wa kuwatoa wapokeaji wote watano waende: mkileta sita, sawa, nyuma mmebaki watano kwa watano bila msaada, na mimi najua mapema nani ameachwa. Laini yao mwaka ule ilishinda Tuzo ya Joe Moore, ambayo hupewa laini nzima, haipewi mtu mmoja. Mimi nadhani ni tuzo yenye akili kuliko zote za mchezo huu.

Hata hao hawakuzaliwa wanajua. Fainali ya vyuo ya tarehe 13 Januari 2020 waliingia dhidi ya Clemson, ambao kocha wao wa ulinzi alikuwa Brent Venables, fundi wa kuficha blitsi. Mwanzoni LSU walihangaika, wakaachwa 17 kwa 7. Wakakaa chini pembeni, wakazungumza, wakarekebisha. Walimaliza 42 kwa 25, Burrow akiwa ametupa yadi 463 na tachidauni 5. Angalieni ni nani waliokuwa wakizungumza pale kwenye benchi: kwotabeki na laini, laini na mkimbiaji.

Mkimbiaji! Hili nalisema kwa vijana, kwa sababu nikiuliza nani anataka kuwa mkimbiaji, mikono yote iko juu. Ndugu zangu wa Kongo mnajivunia Tshimanga Biakabutuka, aliyezaliwa Kinshasa, akakulia Kanada, akaichezea Michigan, na mwaka 1995 akakimbia yadi 313 dhidi ya Ohio State. Ni haki yenu. Lakini mkimbiaji ndiye mtu wa sita kwenye hesabu yetu. Yeye ndiye anayesimama mbele ya lainibeka anayekuja kwa kasi, mzito kumshinda, na lazima ajue kabla ni yupi wake. Makocha wa vyuo wanamweka nje mkimbiaji wa mwaka wa kwanza mwenye mbio za ajabu, wanamwingiza wa mwaka wa nne mwenye mbio za kawaida, na wazazi mnadhani ni upendeleo. Kijana, kocha akija kukutazama hapa, atatazama mbio zako kwa dakika mbili. Saa nzima iliyobaki atatazama unamzuia nani.

Kwa hiyo Jumamosi mkiwa jukwaani, timu yetu ikibakiwa na yadi nyingi jaribio la tatu, msiutazame mpira. Mtazameni senta ananyoosha kidole kwa nani, muanze kuhesabu kutoka hapo kwenda kulia na kushoto. Halafu mtazameni sefti: je, miguu yake imesogea? Mama atakayempata wa sita kabla mpira haujatoka aje aniambie nani, maana nafasi ya msaidizi wangu bado iko wazi, na haina mshahara.

Asanteni kwa kunisikiliza.